Foleni ya ndege Kigoma: wapi uwahi, wapi utulie

Nakatia watu tiketi za ndege hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wangu wengi wameshapanda treni hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, wakalala na kuamka humo bila kununa. Uwanja wa ndege, dakika 40 zinawashinda! Kwa hiyo nawaelekeza pa kuitumia haraka yao.

Hatua ya 1: Haraka ianzie nyumbani. Foleni ya mizani mara nyingi inakwama kwa sababu ya abiria mmoja aliyefungua kiroba sakafuni, anahamishia dagaa kwenye begi la mwenzake. Tafuta mizani ya kuning'iniza, soma kwenye tiketi kilo ulizoruhusiwa, kisha baki chini yake kwa kilo nzima, maana mizani yako na ya uwanjani si ndugu. Mawese uliza kwanza kama wanayapokea. Wakikubali, kaza kifuniko cha dumu, zungushia nailoni, tumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko. Dumu langu liliwahi kuvuja palepale kwenye mizani; nilipangusa kwa kanga ya mke wangu huku foleni nzima ikinitazama. Pawabenki isiingie kwenye mzigo wa kukabidhi, ibaki kwenye begi la mkononi. Ikionekana kwenye mashine, utaitwa urudi kufungua.

Hatua ya 2: Fika saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Dirisha la mizigo lina muda wa kufungwa, na likishafungwa utaiangalia ndege ikiwa imeegeshwa pale na hupandi. Kitambulisho kiwe mkononi, si chini ya begi.

Hatua ya 3: Kwenye ukaguzi, sarafu, funguo, mkanda na simu vitie ndani ya begi ukiwa bado nyuma kwenye mstari. Basi.

Hatua ya 4: Wakiita abiria wapande, kaa. Namba ya kiti imeshaandikwa kwenye pasi yako, hakuna wa kukunyang'anya kama kwenye daladala. Mwenye begi nono la mkononi peke yake ndiye namruhusu kuwahi, kwa sababu ndege za mapangaboi zina nafasi ndogo juu ya viti.

Hatua ya 5: Ikichelewa, usiulize "tunaondoka saa ngapi?" Uliza: "Ndege yenyewe imesharuka kuja huku?" Mara nyingi itakayokubeba ndiyo hiyo inayotoka Dar, pengine inapitia Tabora kwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,000 angani. Kama bado iko kule, kusimama mlangoni hakuiiti. Nenda kale mgebuka, ila mwachie jirani namba yako ya simu.

Hatua ya 6: Siku ya kurudi, ndege ikitua Kigoma, usikimbilie kusimama umeinamisha shingo chini ya makabati. Inasimuliwa kwamba uwanja mmoja wa Houston, Marekani, ulichoshwa na malalamiko ya watu kusubiri mabegi. Wakawapangia mwendo mrefu zaidi wa miguu kutoka ndegeni, na manung'uniko yakapungua sana. Kigoma hatuna mwendo huo, ni hatua chache tu, kwa hiyo jitengenezee wako: ngoja korido ifunguke, msaidie bibi wa kiti cha nyuma kushusha kapu lake, teremkeni naye taratibu. Mtafika na toroli ya mizigo ndiyo inasukumwa kuja.