SOMO: Kwa nini sauti hii nyembamba na ile nene (soma KABLA ya kuuliza)

Nimechoka kujibu hili kila siku, kwa hiyo naandika mara moja basi.

1. Tukisema "sauti ya juu" tunachanganya ukubwa na wembamba. Mbu humsikii mpaka afike sikioni, lakini sauti yake nyembamba balaa. Kinachoamua ni kitu kinatetema mara ngapi kwa sekunde, ndo hizo hezi.

2. Bana rula ukingoni mwa meza, chapa ncha. Ikitokeza ndefu sauti nene, ukiifupisha nyembamba. Imeisha hiyo.

3. Chupa ya kioo yenye maji. Hapa ndo niliumbuka. Nilisimama mbele ya watoto nikatamba kabisa kwamba maji yakiongezeka sauti inakuwa nyembamba, nikachukua kijiko nikagonga, ikatoka NENE, wakacheka mpaka nikaahirisha kipindi. Kumbe ukipuliza mdomoni mwa chupa kinachotetema ni hewa iliyobaki juu ya maji, maji yakipanda hewa inabaki kidogo, inatetema haraka. Ukigonga kinachotetema ni kioo, na maji yanakilemea, kinatetema taratibu. Chupa ileile, majibu kinyume! Amua kwanza unapuliza au unagonga. Na usigonge kwa nguvu, mimi nimeshaokota vipande.

4. Gitaa: kaza uzi, wembamba wa sauti unaongezeka. Bana uzi katikati kabisa, hezi 220 zinakuwa 440.

MASWALI

Mzee wa Fasta: mkuu nimejaribu chupa imekuja kinyume, somo la uongo hili

Mimi: Uligonga au ulipuliza?

Mzee wa Fasta: niligonga

Mimi: Namba 3.

Chiriku: Samahani mwalimu, rababendi nikizidi kuivuta mbona sauti haipandi kama uzi wa gitaa?

Mimi: Swali tamu hilo! Ukiivuta inakaza na mpira wenyewe unakonda, hivyo vinapandisha, ila inarefuka pia na urefu unashusha, vinakaribia kufutana. Usiirefushe, bana kipande kifupi uchape, utasikia tofauti.

Kobe Mpole: kwa hiyo ndo maana nikijaza chupa bombani mlio unapanda?

Mimi: Ndo hivyo, hewa inafupika.

Chiriku: mi najaza gizani kwa kusikiliza tu, ikianza kupiga mluzi nafunga

Mzee wa Fasta: ya plastiki je inafaa

Mimi: Kupuliza ndiyo. Kugonga jaribu mwenyewe uone.