Namna ya Kutembea Njia ya Msituni Yenye Mandhari ya Milima

Mtu akielezwa kwamba njia fulani ya msituni ina urefu wa kilomita 10 na ugumu wa wastani, hukadiria muda wake kwa mwendo aliouzoea barabarani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu msituni mwinuko hula muda kuliko umbali. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo inatumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja ya nyongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kilomita 10 za kwenda na kurudi zenye mwinuko wa mita 450 huchukua saa mbili na dakika 45, lakini hapo hapajahesabiwa mapumziko, matope, mizizi wala muda wa kutazama milima, ambao ndio uliokutoa nyumbani. Mimi ningetenga saa nne.

Ukishapata muda huo, panga safari kwa kuanzia kwenye mandhari na kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Jua linapopasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, ndiyo maana vilele vilivyokuwa wazi alfajiri mara nyingi huwa vimefunikwa kabla ya adhuhuri. Afadhali ufike mahali pa kutazamia saa tatu au saa nne asubuhi. Amua pia, kabla hujaanza, saa ambayo utageuka hata kama hujafika, kwa maana mtu aliyechoka na kuliona lengo karibu si mwamuzi mzuri, na chini ya miti mirefu giza huingia mapema kuliko uwandani. Tochi ya kichwani ibebwe hata na anayetarajia kurudi mchana.

Kuhusu mavazi, kosa kubwa ni fulana ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kukauka polepole, na ukitoka kwenye joto la msitu ukaingia kwenye upepo wa eneo la wazi, nguo hiyo iliyolowa hukupokonya joto la mwili. Isitoshe, hewa yenyewe hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Vaa sufu nyepesi au poliesta, na ubebe koti la kuzuia upepo na mvua. Viatu viwe vimekwisha kuzoeana na miguu yako, na kucha za vidole vya miguu zikatwe siku moja au mbili kabla.

Anza polepole, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema, na unywe maji kidogo kidogo, takribani nusu lita kwa saa au zaidi kukiwa na joto. Mizizi iliyolowa huteleza sana, kwa hiyo ivuke badala ya kuikanyaga. Kila mnapofika njia panda, geuka utazame ulikotoka: msitu unaourudia huwa na sura nyingine kabisa, na wengi hupotea wakati wa kurudi. Pakua ramani kwenye simu mapema, kisha uiweke katika hali ya ndegeni, kwa kuwa kutafuta mtandao usiopatikana humaliza betri haraka, ilhali GPS kwa kawaida huendelea kufanya kazi, ingawa majani mazito huipunguzia usahihi.

Ukifika juu, vaa koti kabla ya kuketi, wala usingoje kuhisi baridi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Usisubiri hesabu ipungue. Ukishasikia ngurumo, acha mgongo wa mlima na ushuke, lakini usijikinge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, piga hatua fupi, na kama una fimbo za kutembelea, zirefushe kidogo. Ukihisi kwamba umepotea, simama palepale, kwa kuwa kila hatua ya kubahatisha huwapanulia wanaokutafuta eneo la kupekua. Piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Hiyo ndiyo ishara ya dharura inayotumika katika milima ya nchi nyingi.

Baada ya kutoka msituni, jikague kupe nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani na nyuma ya masikio. Aliyeng'ang'ania achomolewe kwa kibano kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta.