Kulanti inapungua na chini hakuna hata tone: somo la kumsaka mwizi

Gari la zamani likianza kunywa kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, bila kuacha alama chini, jibu la haraka ni moja: "Gasketi ya hedi hiyo," yaani pakingi iliyo kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Mimi niliambiwa hivyohivyo, fundi keshashika spana. Nikamwomba anipe wiki moja. Mwizi alikuwa kampira ka kupitisha maji, kafupi kama kidole, kamejificha chini ya menifoldi (mabomba yaliyofungwa ubavuni mwa injini). Kalikuwa kanavuja injini ikipata moto tu, tone likiangukia chuma cha moto na kukauka papo hapo. Kilichobaki ni ukoko wa kijani, kama chumvi iliyoganda kwenye sufuria.

Kulanti haina pa kwenda pengi. Inatoka nje, inaingia ndani wanakokaa abiria, au inaliwa na injini. Tafuta kwa mpangilio huo, maana kuanzia nje ni rahisi na hakuhitaji kufungua injini.

Onyo kabla ya yote. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huchemka kwenye nyuzi kama 107 ukiwa wazi, lakini ndani ya rejeta yenye presha ya bar 1 unaweza kufika karibu 130 ukiwa umetulia. Ukifungua, presha inashuka ghafla na vyote vinachemka kwa mpigo, kuelekea usoni kwako. Halafu futa kila tone unalomwaga: kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu, paka na mbwa huilamba.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka shingoni. Tanki la akiba liache kati ya MIN na MAX, bandika kipande cha selotepu usawa wa maji, andika kilomita. Angalia kila asubuhi kwa siku tano. Wengine wanalalamika kulanti inapotea kumbe wanajaza kupita MAX. Ikipata moto inatanuka na ziada inamwagwa. Na kama mfumo ulifunguliwa juzijuzi, kushuka kidogo siku za mwanzo ni hewa inayotoka. Kinachoshuka kila siku, bila kukoma, ndicho cha kukisaka.

Hatua ya 2: Mfuniko wa rejeta. Kitu kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye mfumo huu. Watu wanauona kama kizibo cha chupa, kumbe ni vali mbili. Moja ina springi: inazuia presha hadi kiwango kilichoandikwa juu yake (mara nyingi 0.9 au 1.1), kisha inaachia ziada iende kwenye tanki la akiba. Nyingine, ndogo katikati, inafunguka injini ikipoa ili rejeta inyonye maji yake kutoka kwenye tanki.

Springi ikichoka, kulanti inasukumwa nje mapema, tanki linafurika na mvuke unapotelea hewani. Vali ndogo ikikwama, asubuhi utakuta tanki limejaa huku rejeta imepungua, na mpira wa juu umebonyea kama mrija ulionyonywa. Geuza mfuniko uangalie raba zake: zikiwa na mpasuko au zimekakamaa, nunua mpya wenye namba ileile. Usiweke wa namba kubwa ukidhani unaongeza uimara. Utapasua rejeta iliyokwisha kuchoka.

Hatua ya 3: Tochi na subira. Usitafute maji, tafuta alama yake: ukoko mweupe, wa kijani au wa pinki, kufuatana na rangi ya kulanti yako. Chungulia pale plastiki ya rejeta inapobanwa kwenye alumini, maana plastiki ya miaka mingi hupata nyufa nyembamba kama unywele. Pitia kila klipu ya mpira. Nenda kwenye pampu ya maji: chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili (raba ya kuzuia maji) ikifa, maji yatokee hapo. Ukiona michirizi inaanzia kwenye kitundu hicho, pampu imeshaaga. Mwisho mulika nyuma ya injini, ukutani, ambako hakuna anayependa kupeleka mkono.

Hatua ya 4: Pampu ya kupimia presha. Hii ndiyo ingeniokolea wiki yangu. Inafungwa mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, unapampu kwa mkono hadi namba ya mfuniko, usizidishe, unasubiri dakika 15. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na injini ikiwa imezimwa unaweza hata kusikia. Kuna uvujaji unaotokea kwenye baridi tu, chuma na mipira vikiwa vimesinyaa. Huo unaukamata hapa kabla haujakauka.

Hatua ya 5: Ndani. Inua zulia upande wa abiria wa mbele. Unyevu unaoteleza, harufu tamutamu, kioo kinachopata ukungu wa mafuta ukiwasha hita: rejeta ndogo ya hita inavuja.

Hatua ya 6: Injini yenyewe. Sasa ndiyo tuizungumzie gasketi ya hedi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto. Mipira iliyokakamaa kwa presha dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi. Plagi moja safi kupita kiasi kati ya wenzake: silinda ile inaoshwa na mvuke. Kinachokaribia uhakika ni kile kipimo cha maji ya buluu: yanawekwa juu ya shingo ya rejeta, injini inanguruma, na gesi ya moshi ikiwemo yanageuka njano. Mpaka hapo, spana ya hedi ikae mezani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiwasha AC maji yanadondoka chini upande wa abiria. Ndiyo kulanti?*
Gusa kwa kidole, usionje. Yakiwa hayana rangi, hayatelezi wala hayanuki, ni umande wa AC. Hiyo ni kazi yake.

*Kuna uji mweupe chini ya kifuniko cha oili. Nimekwisha?*
Unaendesha safari fupi? Unyevu usiopata muda wa kukauka huganda pale. Chomoa kijiti cha oili: kama oili yenyewe ni safi na kulanti haishuki, endesha safari ndefu kisha uangalie tena. Oili nzima ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari.

*Vipi dawa ya kumwaga kwenye rejeta ikazibe yenyewe?*
Ya kukufikisha kwa fundi, sawa. Haijui tofauti ya tundu baya na tundu zuri, na vijitundu vya hita ndivyo huziba kwanza.

*Gari ni otomatiki, kulanti imekuwa kama maziwa ya pinki.*
Zima sasa hivi, ndugu yangu. Kwenye gari nyingi za otomatiki mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Ukuta umetoboka na vimechanganyika. Kila kilomita unayoongeza, maji yanakula giaboksi.

*Nimeambiwa nitoe themostati itakoma kupungua.*
Themostati, kilango kinachofunguka kulanti ikipata moto, haizibi tundu wala haivujishi, labda gasketi ya nyumba yake. Iache mahali pake.

*Mrejesho: nimefuata hadi hatua ya 4, mshale unashuka, nje hakuna kitu, plagi zote sawa, zulia kavu.*
Ingia chini, mulika ubavuni mwa bloku (mwili wa injini) nyuma ya menifoldi ya ekzosi. Kuna vizibo vya bati mviringo, saizi ya sarafu kubwa. Huliwa na kutu kutokea ndani, hasa gari likiwa limejazwa maji matupu kwa miaka. Pitisha kidole pembeni mwa kila kimoja, presha ikiwa bado ipo.

*Cha tatu kutoka mbele, mkuu. Kidole kimerudi na maji.*