Viazi, muhogo, karoti na kabichi: panga tangu kupanda kipi cha mezani na kipi cha zizini

Unakuta mtu analima viazi vitamu, karoti na kabichi, na anafuga hapo hapo, lakini chakula cha mifugo hajakipangia kabisa. Anachagua vya kula, anachagua vya kuuza, alafu kilichobaki, kiwe kimeoza kiwe kimeota ukungu, ndo kinamwagwa bandani. Hiyo siyo kulisha, hiyo ni kumgeuza ng'ombe jalala. Na mazao haya ukiyapanga mapema yanakupa vyakula viwili kwenye eneo lile lile, mzizi unaenda jikoni majani yanaenda zizini, au kinyume chake, ila lazima ujue kila kimoja kina nini ndani na kina hatari gani.

Tuanze na maji maana hapa ndo wengi wanapigwa. Kilo 100 za tanipu (mzizi wa mviringo wa jamii ya kabichi), kama kilo 90 ni maji, kabichi nayo ni hivyo hivyo au zaidi, karoti iko kwenye 88, viazi mviringo karibu 80, viazi vitamu kama 70, muhogo mbichi 60 na kitu. Kinachomlisha mnyama ni kile kinachobaki ukishatoa maji, na ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za hicho kikavu kwa siku. Sasa umempa kilo 20 za kabichi, kwa macho ni mzigo mkubwa, lakini chakula chenyewe hapo hakifiki hata kilo 2, mengine yote atayakojoa. Ndo maana unasikia mtu analalamika anamwaga mboga kila siku na maziwa hayaongezeki, anapima uzito wa maji.

Kitu cha pili, mzizi ni wanga na sukari, protini yake ndogo na kalsiamu ndogo. Majani ndo yana protini na kalsiamu. Kwahiyo ukilisha mizizi peke yake mnyama anapata nguvu lakini hana cha kujengea nyama wala maziwa, ukichanganya na majani yake pamoja na nyasi kavu mambo yanakaa sawa. Kwa wanyama wanaocheua kama ng'ombe, mbuzi na kondoo, mizizi isizidi robo au theluthi ya chakula chote kikavu, na usimwanzishe ghafla, anza kidogo uongeze taratibu kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimpa mnyama mwenye njaa lundo la mizizi siku ya kwanza, ule wanga na sukari unachacha haraka tumboni, tumbo linakuwa na asidi, anaacha kula, anaharisha, na wengine wanakufa kabisa. Nyasi kavu zitangulie, mizizi ifuate.

Zao ambalo mimi ningeliweka mbele ya yote, kama hali ya hewa yako inaliruhusu, ni viazi vitamu. Kuna mbegu zinazozaa viazi vikubwa na majani machache, kuna zinazotoa mashina marefu na viazi vya kubahatisha, na kuna zile za katikati zinazotoa vyote kwa kiasi, hizi ndo za mtu anayefuga. Kata vipando vya sentimita 30 hivi kutoka kwenye ncha ya shina changa lisilo na ugonjwa, zika sehemu kubwa ya kipando ardhini ili macho kama matatu manne yawe chini ya udongo, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na matuta yaachane sentimita 80 mpaka mita moja. Sehemu unayotaka majani tu unaweza kubananisha zaidi.

Na hapa kuna ujanja ambao haugharimu kitu, gawa shamba. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inasukuma majani na kufanya viazi vidumae, kwahiyo samadi nyingi ipeleke kwenye matuta ya mifugo, na matuta ya mezani yape kidogo tu pamoja na majivu, maana majivu yana potasiamu na mzizi unaipenda. Ukilazimisha tuta moja likupe vyote utakata majani leo, utakata wiki ijayo, alafu siku ya kuchimba unakuta vimizizi kama vidole. Kila jani unalokata ni chakula ambacho kiazi kimekosa, hakuna njia ya kuikwepa hiyo hesabu, unachagua tu nani apate. Kwenye matuta ya mezani subiri mpaka siku ya kuvuna ndo ukate mashina yote kwa mpigo.

Adui mkubwa ni fukusi, mdudu mdogo anayetoboa viazi. Anaingilia kwenye nyufa za udongo pale kiazi kinapotanuka na tuta kupasuka, kwahiyo pandishia udongo kila ukiona ufa, usipande jirani na shamba la zamani lenye viazi vilivyosahaulika ardhini, na vikikomaa chimba, usiviache ukisema vinajihifadhi vyenyewe. Kikate kiazi kilichoingiliwa utaona vitundu vyeusi vyeusi vinapita ndani kama njia za mchwa, kina harufu kali na ni kichungu. Ule uchungu ni sumu ambayo kiazi chenyewe kimeitengeneza kujikinga. Na kikiota ukungu ndo mbaya zaidi, viazi vitamu vyenye ukungu vimeshaua ng'ombe wengi kwa kuharibu mapafu, mnyama anaanza kuhema kwa shida, anatoa povu mdomoni, na hamna dawa ya kumrudisha. Usitegemee kuchemsha, hiyo sumu haiondoki yote kwa moto wa kawaida. Kichome au kizike mbali na shamba.

Kwa nguruwe na kuku hata kiazi kizima kisicho na ubaya ni bora kichemshwe, kwa sababu kikiwa kibichi kina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni. Ng'ombe na mbuzi wanakula kibichi bila shida. Sungura wape yale majani, ila yaache yanyauke masaa machache kwanza, na wawe na nyasi kavu muda wote, la sivyo ni kuharisha.

Muhogo nao ni chakula kizuri cha nguvu lakini una sumu inayoitwa sianidi, kwenye mzizi, kwenye ganda na kwenye majani. Muhogo mchungu usimpe mnyama mbichi hata kipande. Kinachotoa sumu ni kukatakata, kwa sababu ukikata zile chembe zinapasuka, sumu inajitenga na kupaa hewani, kwahiyo menya, kata vipande vyembamba, tandaza juani vigeuze geuze mpaka kipande ukikikunja kinavunjika kwa mlio. Mtu anayeanika mhogo mzima mnene juu unakauka ndani unabaki na sumu yake, na pia ukungu unapata nafasi. Majani hivyo hivyo, katakata alafu kausha. Mhogo ukishachimbwa unaanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, unaona mistari ya bluu nyeusi ndani, kwahiyo ghala lake ni ardhini, chimba unachoweza kukimaliza au kukikausha.

Karoti inataka udongo uliolegea mpaka sentimita 30 chini, bila mawe na bila samadi mbichi, maana vitu hivyo viwili ndo vinafanya mzizi ugawanyike miguu miguu. Mbegu ifukie kidogo sana, nusu sentimita au moja, na udongo usikauke mpaka iote, inaweza kuchukua wiki moja au hata tatu, wengi wanakata tamaa wanalima upya juu ya mbegu iliyokuwa inakaribia kutoka. Ikishaota punguza miche, hivyo vidogo unavyong'oa wape sungura na kuku. Siku ya kuvuna zile zilizopinda na kugawanyika sokoni hazitakiwi lakini kwa mnyama zina chakula kile kile, na kuku wanaokula karoti na majani mabichi kiini cha yai kinakuwa cha njano iliyokolea.

Sehemu za baridi kuna biti za mifugo na tanipu. Tanipu ni ya haraka, miezi miwili mitatu imeshakuwa, biti ya mifugo inachukua muda mrefu ila mzigo wake kwa eneo ni mkubwa sana. Majani ya biti usiyape yakiwa yametoka tu shambani, yana asidi ya oksaliki inayofunga kalsiamu, yaache yanyauke kwanza na usiwape mengi.

Kwenye viazi mviringo sheria ni fupi, kilichogeuka kijani na kilichochipua hakiliwi na mtu wala mnyama, wala yale majani yake. Vilivyobaki vizima vichemshe kwa nguruwe na kuku, mwaga maji.

Sasa mboga za majani. Kabichi, sukuma na ndugu zao ni nzuri mezani na zizini, na kwa kawaida wewe unachuma yale majani laini ya juu, yale ya chini yaliyozeeka kidogo yanaenda kwa mifugo. Ila zikiwa ndo chakula kikuu kwa wiki nyingi mfululizo zinaharibu damu ya ng'ombe na kuvimbisha tezi ya shingo, kwahiyo zibaki chini ya theluthi ya chakula kikavu. Ng'ombe wa maziwa mpe baada ya kukamua, siyo kabla, maana harufu ya kabichi na tanipu inaingia kwenye maziwa na kila atakayekunywa atajua. Majani ya vitunguu hapana kabisa, ng'ombe yanamvunja chembe za damu, mkojo unatoka mwekundu.

Kuna hii nyingine watu hawaifikirii, dawa. Umepulizia kabichi za mezani dhidi ya viwavi, ukajua usubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kula, alafu kesho yake unang'oa majani ya chini unampelekea mbuzi. Zile siku ni za mbuzi pia, na maziwa yake unayanywa wewe. Vile vile mboga zilizomwagiwa yurea nyingi au zilizopigwa na ukame alafu mvua ikanyesha ghafla zinajaza naitreti, mnyama mwenye njaa akizila kwa wingi damu yake inashindwa kubeba hewa, inakuwa na rangi ya chokoleti. Subiri siku kadhaa baada ya mvua na changanya na nyasi kavu.

Kuhusu samadi, mboga zinazoliwa mbichi weka iliyooza miezi kadhaa, siyo ile ya jana, maana mayai ya minyoo na vijidudu vya kuharisha vinatoka bandani vinaingia kwenye sahani. Na usirudie kabichi pale pale kila msimu, zungusha na kunde au maharage na mizizi.

Mizizi ikishafika bandani katakata. Saizi ya hatari ni ile ya yai mpaka ngumi, yani kitu ng'ombe anachoweza kukimeza bila kutafuna, kile kikubwa sana ataking'ata mwenyewe. Kata vipande virefu vyembamba, siyo vya mviringo, na weka chakula chini, maana akiinua kichwa ndo kipande kinateleza kooni. Ng'ombe aliyekabwa utamjua, ananyoosha shingo mbele, mate yanachuruzika, anakohoa, ulimi nje, na baada ya muda ubavu wa kushoto unaanza kuvimba kwa sababu gesi haina pa kutokea. Hapo ita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usichokonoe koo na mti, utalipasua.

Kuchagua kufanyike siku ya kuvuna, siyo wiki mbili baadaye. Vizima visivyochubuka vinahifadhiwa kwa ajili ya meza, vilivyokatwa na jembe au vidogo au vilivyopinda ila havijaoza ni vya mifugo na viliwe kwanza, vyenye ukungu na fukusi vinatupwa. Viazi vitamu ukiviacha kama wiki moja sehemu yenye joto na unyevu kabla ya kuvihifadhi, ngozi inajiponya michubuko na vinakaa muda mrefu zaidi. Karoti kata majani karibu na kichwa kabla ya kuweka kwenye mchanga wenye unyevu, ukiyaacha yanaendelea kunyonya maji ya mzizi.

Mashina ya viazi vitamu yakija yote kwa pamoja mifugo haiwezi kuyamaliza, tengeneza saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa ili yakae muda mrefu. Yana maji mengi mno kwahiyo yanyaushe siku moja hivi, kata vipande vya sentimita mbili tatu, kamata kiganjani na ubane kwa nguvu. Maji yakichuruzika bado, subiri. Ukiachia mkono na lile donge likaanza kufunguka taratibu huku kiganja kina unyevu tu, hapo hapo. Changanya na pumba au molasi kidogo, na kama huna, vile viazi vidogo vilivyokatwa katwa vinafanya kazi ile ile kwa sababu ya sukari yake. Jaza kwenye mfuko mzito wa nailoni, kanyaga kila tabaka mpaka hewa itoke, funga kwa nguvu, weka mbali na panya maana tundu moja linatosha kuharibu mfuko mzima. Baada ya mwezi fungua. Iliyokubali ina harufu ya uchachu mtamu na rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia, iliyokataa ni nyeusi, inateleza, inanuka kama siagi iliyooza, hiyo iende kwenye mboji. Toa ya siku hiyo tu, bana hewa, funga tena.