Kuunda Kompyuta Arusha Wakati RAM Imepanda Bei
Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imepanda kwa kasi, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron, watengenezaji wakubwa watatu, wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kwa hiyo anayeunda kompyuta hapa Arusha aanze na RAM, ndipo achague bodi mama inayoipokea, maana RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya kizazi kipya zaidi, DDR5: pengo lililo kati ya pini zake za rangi ya dhahabu limekaa mahali tofauti. Binafsi ningechukua DDR4 iliyotumika, iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani ya ofisini, wala si ya laptopu, ambayo ni fupi. Kabla ya kulipa, mwombe fundi aichomeke mbele yako na kuendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, hadi imalize mzunguko mmoja bila kosa, hata kama chai itapoa. Kwa kawaida vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 16. Gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha kandamiza kila kipande mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe.