Sisig ya kuku nyepesi: kinachosumbua si mafuta, ni maji

Jumamosi iliyopita nilikaa saa nzima na nusu kwenye simu na mdogo wangu aliyeko Tanga. Yeye jikoni, mimi kitandani Dubai nimetoka zamu ya usiku. Ameiona sisig, chakula cha Kifilipino cha nyama iliyokatwakatwa, kwenye stetasi yangu na mate yamemtoka. Nikimwelekeza hatua moja ananiuliza maswali kumi, na nusu ya maswali hayo niliwahi kumuuliza mimi mwenyewe yule Mfilipino aliyenifundisha. Nimeona bora niandike mara moja nipumzike.

Tusizungushe maneno: sisig inayojulikana leo ni ya nguruwe. Ni chakula cha mkoa wa Pampanga, Ufilipino, kaskazini ya Manila, na watu wa mji wa Angeles wakiulizwa wanamtaja Lucia Cunanan, maarufu kama Aling Lucing, aliyeanza kuiuza kwenye kibanda chake karibu na reli mwaka 1974. Jirani hapo palikuwa na Clark, kambi ya ndege za kivita ya Wamarekani, na wale wazungu vichwa vya nguruwe hawakuvitaka, kwa hiyo wenyeji walivipata kwa bei ya kutupa. Masikio na mashavu yanachemshwa, yanachomwa kwenye mkaa, yanakatwakatwa, kisha yanachanganywa na vitunguu, maini ya kuku, siki na kalamansi, yale malimau yao madogo kama gololi.

Lakini jina ni la zamani kuliko hicho kichwa cha nguruwe. Kamusi ya Kikapampangan, lugha ya Pampanga, ya padri Diego Bergaño, ya mwaka 1732, inaieleza sisig kuwa ni papai bichi au pera bichi lililotiwa chumvi, pilipili manga, kitunguu swaumu na siki. Aliyewahi kununua embe bichi la chumvi na pilipili kwenye geti la shule ameshaelewa. Uchachu ndio wa kwanza, nyama ilikuja baadaye. Kwa hiyo mtu akikwambia sisig ya kuku si sisig, mwache aseme.

Aliyenifundisha ni mtu wa Angeles. Tuliishi chumba kimoja Satwa, mtaa wa Dubai, miaka mitatu, na wote tulimwita Ate, ambalo kwao ni dada mkubwa. Nguruwe Dubai anauzwa, ila kwenye chumba chake cha pembeni supamaketi, na sufuria zetu zilikuwa za wote, huku watatu kati yetu ni Waislamu. Na yeye mwenyewe presha ilikuwa imeanza kumpanda. Basi akahamia kwenye kuku, akawa anapunguza mafuta kila anapopika mpaka ikafika ilipofika.

Kwa watu wanne tafuta mapaja ya kuku yenye mifupa kilo 1, maini ya kuku gramu 100, vitunguu maji vyekundu 2 vikubwa, tangawizi kipande cha kidole gumba, punje 4 za kitunguu swaumu, pilipili kichaa 3 au unavyoweza, ndimu 4, siki nyeupe, sosi ya soya, chumvi na pilipili manga. Kalamansi ukizipata ni vizuri, usipozipata ndimu zetu zinatosha kabisa. Limau kubwa la manjano usitumie, ukali wake ni wa upole mno.

Hatua ya 1: Mapaja, si kidari

Najua wanaopunguza mafuta wanakimbilia kidari. Kidari kikichemshwa, kikachomwa, kisha kikakaangwa, utatafuna nyuzi za gunia. Paja lililochunwa ngozi lina mafuta kidogo tu na linavumilia moto mara tatu. Kuku wa kienyeji anafaa pia, ila mchemshe mpaka alainike kweli.

Hatua ya 2: Ngozi

Chuna ngozi ikiwa mbichi, usiitupe. Itandaze kwenye kikaango ambacho bado ni cha baridi, washa moto mdogo, iache robo saa ijikaange kwa mafuta yake, ukiigeuza mara moja. Ikikakamaa kama kaukau, itoe. Mafuta yaliyobaki mimina kwenye kikombe, utahitaji kijiko kimoja tu cha chakula. Hapo ndipo wepesi wa chakula hiki ulipo, kwa sababu hakuna mafuta mengine yatakayoingia.

Hatua ya 3: Chemsha

Maji yafunike nyama, tia tangawizi iliyopondwa, kitunguu swaumu, chumvi na punje za pilipili manga. Moto wa wastani, dakika 25 hadi 30. Maini yaingie dakika 6 za mwisho. Supu weka pembeni.

Hatua ya 4: Kausha. Hapa ndipo nilipoteza usiku mzima

Mara ya kwanza kupika peke yangu nilikuwa na wageni saa mbili usiku. Nilichemsha, nikatoa mifupa, nikakatakata nyama ingali ya moto, nikaimwaga yote kwenye kikaango. Nikasubiri ikauke. Maji yakatoka, nikaongeza moto, maji yakazidi. Nikapunguza nyingine, nikaanza upya na kikaango kingine. Saa nne wageni walikula wali na kitu kilichofanana na mchuzi wa kuku uliochujuka, wakasema kizuri kwa adabu. Ate aliporudi kazini alifunua sufuria, akacheka mpaka akakaa chini.

Alichonieleza ni hiki. Nyama ya kichwa cha nguruwe ina mafuta na ngozi nyingi, na mafuta hayo ndiyo yanayoikaanga yenyewe ikawa kavu nje. Kuku ukimwondolea mafuta umebaki na nyama na maji, na nyama yenye maji haikaangiki, inachemka tu hata ukiweka moto wa namna gani. Mpaka maji yaishe juu ya nyama, haigeuki rangi. Kwa hiyo ukikataa mafuta, lazima ukubali kazi ya kukausha. Hakuna njia ya tatu.

Fanya hivi. Nyama ikipoa kiasi cha kushikika, toa mifupa lakini usiikate, paja libaki kipande kimoja bapa. Futa kila kipande kwa kitambaa safi kikavu. Halafu zipange kwenye wavu, chini weka trei, zisigusane, ziingize kwenye friji bila kifuniko usiku kucha. Narudia, bila kifuniko. Mdogo wangu alifunika na sahani "isije ikanuka friji", asubuhi akakuta matone chini ya ile sahani, na nyama imelowa kama ilivyoingia. Kama friji lina samaki au dagaa, hamisha dagaa.

Huna muda wa usiku kucha? Saa tatu ni afadhali kuliko hakuna. Huna friji? Usiiache nje usiku, joto la Tanga na la Dubai halina mzaha na kuku aliyepikwa. Ifute, ipeleke moja kwa moja kwenye mkaa uliofifia, juu kabisa mbali na moto, dakika 20 ukigeuzageuza. Feni pia inasaidia kwa nusu saa, nimejaribu. Kilichoshindikana ni tishu za jikoni peke yake: zinanyonya maji ya juu, ya ndani yanatoka baadaye kwenye kikaango.

Utajua imekauka ukiigusa: uso wake hauna utelezi, umekuwa kama karatasi ngumu, na rangi imeingia giza kidogo. Ikiteleza, rudisha.

Hatua ya 5: Choma

Mkaa. Dakika 4 au 5 kila upande mpaka kingo zianze kuungua. Mimi huku naishi ghorofa ya saba na mkaa ni marufuku, natumia moto wa juu wa oveni, na kila mara naona kuna kitu kimepungua. Wewe mwenye jiko la mkaa nyumbani usithubutu kutumia oveni.

Hatua ya 6: Kata

Subiri ipoe kabisa. Tumia kisu kizito na ubao mpana, vipande viwe kama punje ya hindi. Usitie kwenye mashine ya kusagia. Nimewaona wanaofanya hivyo, wanapata kitu cha kujazia sambusa. Sisig itafunwe, vipande vingine viwe vikubwa kidogo, vingine vidogo, na kile cheusi cha pembeni kikutane na jino.

Vitunguu navyo kata vidogo hivyo hivyo, pamoja na pilipili. Usivioshe kwa chumvi kama vya kachumbari, ukali wake unatakiwa.

Hatua ya 7: Maini

Yaponde kwa uma pamoja na vijiko viwili vya siki na kijiko kimoja cha sosi ya soya mpaka yawe uji mzito. Ndiyo yanayoleta ule ulaini unaoshika nyama. Mikahawa mingi siku hizi inatia mayonezi badala yake, na juu inavunja yai bichi. Ate alikuwa akiona mayonezi kwenye sisig anageuza uso kama ametukanwa, na wapo wengi wa Pampanga wa msimamo huo. Mimi nimeurithi. Zaidi ya hayo, unapika chakula chepesi halafu unamwagia vijiko vinne vya mafuta ya chupa, umefanya nini sasa?

Hatua ya 8: Kikaango

Kiwe cha chuma kizito. Hivi vyembamba visivyoshika vinapoa mara nyama inapoingia, na hutakiwi kuvipasha mpaka vitoe moshi. Pasha kikavu dakika tatu, tia kile kijiko kimoja cha mafuta ya ngozi, halafu nyama nusu. Nusu tu. Itandaze, iache, usiikoroge. Mkono unawasha, najua. Dakika tatu bila kugusa, geuza, dakika mbili, toa. Kisha nusu ya pili.

Mdogo wangu alipofika hapa nilimwambia asogeze simu kwenye kikaango nisikie. Ukisikia sauti nzito ya kububujika kama uji, bado kuna maji, na ama umejaza sana ama hatua ya 4 uliifanyia mchezo. Sauti inayotakiwa ni ya mvua kubwa juu ya bati. Ya kwake ilikuwa uji. Nikamwambia atoe nusu, apandishe moto, asubiri. Baada ya dakika moja hivi bati likaanza kulia, naye akapiga kelele kabla yangu.

Hatua ya 9: Uchachu, moto ukiwa umezimwa

Zima moto. Rudisha nyama yote, changanya na maini, kisha vitunguu na pilipili, na ile ngozi uliyoivunjavunja kwa mkono. Mwisho kamulia ndimu tatu, ya nne ikatwe vipande ipelekwe mezani. Ndimu ikiingia moto ungali unawaka, harufu yake inapotea, inabaki uchungu, na nyama uliyoihangaikia tangu jana inalowa. Onja sasa ndipo uongeze chumvi, soya ina ya kwake. Ikiwa haikufumbishi jicho moja, ongeza ndimu.

Kwao sisig ni *pulutan*, kitu cha kutafuna pamoja na bia. Sisi tulikula na *sinangag*, wali wa jana uliokaangwa na kitunguu swaumu, kila mtu kijiko mkononi, kikaango katikati. Ipelekwe mezani hapo hapo. Ikikaa robo saa vitunguu vinatoa maji na ukavu unaondoka. Ukijua wengine watachelewa kurudi, watengee nyama yao bila maini na ndimu, wakija unaipasha kwenye chuma na kumalizia.

Ile supu usiimwage. Rudisha mifupa ndani, tia mchele kikombe kimoja kwa supu vikombe nane, tangawizi nyingine iliyokatwa nyembamba, acha uchemke taratibu mpaka punje zipasuke. Wanauita *arroz caldo*, ni uji wa mchele wa kuku, unanyunyiziwa kitunguu swaumu kilichokaangwa na ndimu. Mdogo wangu aliupika Jumapili asubuhi, akanitumia picha ya bakuli tupu.