SOMO: Flai gani uanze nazo kama ndo kwanza unaingia kwenye uvuvi wa flai

Wakuu habari zenu. Kila anayeanza anauliza swali lile lile, "ninunue flai gani", halafu anatajiwa majina thelathini kwa mpigo, anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja. Mi naona swali lenyewe linaulizwa kinyumenyume. Jina la flai ni kitu cha mwisho kabisa. Cha kwanza ni samaki anakula wapi na anakula kitu cha ukubwa gani.

Kwa asiyejua, flai ni kile kidude cha manyoya, nywele na uzi kinachofungwa kwenye ndoana mpaka kikafanana na mdudu au kisamaki.

Mi nilianza vibaya. Nilinunua boksi zima la flai sitini, zinang'aa, nyekundu, kijani, kama mapambo ya harusi, muuzaji kanihakikishia hakuna samaki atakayezikataa. Siku ya kwanza mtoni trauti (samaki wa maji ya baridi) wanaibuka mbele yangu, viduara kila mahali, na mimi nabadilisha tu, hii haikubali natoa, ile haikubali natoa, mpaka jua linazama. Mwisho nikavua kofia nikaichovya majini nikainua kuangalia, nikakuta viusubi vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Flai ndogo kuliko zote kwenye boksi langu ilikuwa namba 10. Ni sawa na kumpelekea mtoto mchanga buti za askari.

HATUA YA 1: Pindua mawe

Kabla hujafungua boksi ingia majini kidogo, sehemu ambayo maji yanakimbia na hayavuki magoti, inua jiwe la ukubwa wa sahani, ligeuze na usubiri. Mwanzoni utaona tope tu, baada ya sekunde kadhaa tope linaanza kutembea, hao ndo chakula cha samaki. Angalia mkiani. Mwenye mikia mitatu myembamba kama nywele (mara chache miwili), na matamvua yanayopepea pembeni mwa tumbo, huyo ni tunutu wa meiflai. Mwenye mikia miwili tu, mwili mnene, anatambaa kama ana hasira, huyo stonflai. Ukikuta kijumba kidogo cha mchanga au vijiti kimegandishwa kwenye jiwe, ndani yake kuna buu wa kadisi, japo kadisi wengine hawajengi nyumba kabisa. Vile viminyoo vyembamba kama uzi mara nyingi ni mabuu ya usubi.

Huhitaji kujua majina ya kisayansi. Mweke mdudu kiganjani, pima urefu wake, angalia rangi ya tumbo, mrudishe majini. Dakika tano zimeisha na tayari unajua kuliko mimi na boksi langu la sitini.

HATUA YA 2: Samaki anakula wapi?

Sehemu kubwa ya maisha yao hawa wadudu wanakaa chini ya maji, meiflai anaweza kuishi chini mwaka mzima halafu akiota mabawa anaishi siku moja au chache tu. Kwa hiyo trauti naye muda mwingi anakula chini. Kama huoni samaki anayeibuka, usisimame hapo na flai kavu (ile inayoelea juu ya maji) kwa sababu tu inapendeza kuitazama, funga nimfu (flai ya kuzama inayoiga tunutu) ipeleke chini.

Wakiibuka, tazama vizuri WANAVYOIBUKA. Ukiona pua imetoka na kipovu kimebaki juu ya maji, amemeza mdudu wa juu pamoja na hewa, hapo flai kavu. Ukiona mgongo au mkia tu umevunja maji, kipovu hakuna, basi anawala chini kidogo ya uso wa maji, wale wadudu wanaohangaika kutoka kwenye gamba. Wageni wengi wanakwama hapo, wanaona duara wanakimbilia flai kavu na samaki anaipita kama haioni. Funga Pheasant Tail (nimfu nitakayoieleza hatua ya 5) ndogo isiyo na shanga, iache ielee sentimita chache tu chini.

HATUA YA 3: Saizi

Namba za ndoana zinaenda kinyume, namba ikipanda ndoana inapungua, 18 ni ndogo kuliko 12. Ukifika 1 zinageuka, zinakuja 1/0, 2/0 na kuendelea, hizo sasa zinakua, ni za samaki wakubwa na baharini.

Ukibaki njiapanda kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Samaki akiona mdudu mdogo kidogo kuliko wenzake haoni ajabu, akiona mkubwa kuliko wenzake wote anashtuka.

HATUA YA 4: Umbo, halafu rangi

Umbo maana yake meiflai anasimamisha mabawa kama tanga la jahazi, kadisi anayalaza mgongoni kama paa la banda. Rangi ije mwisho, mdudu wa rangi nyepesi flai nyepesi, mweusi flai nyeusi, basi. Wanaobishana kijani gani ni kijani halisi waache wabishane.

HATUA YA 5: Boksi lako la kwanza

Sita tu, kila moja mbili tatu kwa sababu miti itakula zaidi ya samaki.

Parachute Adams, namba 14, 16 na 18. Adams yenyewe ilifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Leonard Halladay kule Michigan, Marekani, akaipa jina la rafiki yake. Ni ya kijivu, haiigi mdudu mmoja maalum, inafanana na wengi kwa mbali na hapo ndo utamu wake ulipo. Hiyo ya parachute ina kinguzo cheupe juu, macho yako yanaiona hata kwenye maji yenye mng'ao.

Elk Hair Caddis, flai kavu ya kuiga kadisi aliyoibuni Al Troth, 14 na 16. Nywele zake zinaelea vizuri hata maji ya kasi yenye mapovu, na ikiburutika kidogo samaki anasamehe maana kadisi mwenyewe ana tabia ya kukimbia juu ya maji.

Pheasant Tail, 14 mpaka 18, baadhi zenye shanga kichwani na baadhi bila. Hii aliibuni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon Uingereza, na hakutumia uzi kabisa, alizungushia waya mwembamba wa shaba pamoja na nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege aitwaye fezanti, waya huo huo ukawa ndo uzito wa kuizamisha. Kama ningeambiwa nibaki na flai moja maisha yangu yote ningebaki na hii.

Hare's Ear, 12 na 14, manyoya ya sungura yamechanguka changuka, imekaa hovyo na inavua. Zebra Midge, 18 na 20, kwa siku zile za kofia yangu.

Ya mwisho Woolly Bugger nyeusi na ya kijani kibichi iliyofifia, namba 8 na 10. Hii ni ya Russell Blessing wa Pennsylvania, 1967. Mkia wake laini unacheza wenyewe majini, samaki anaweza kuiona ruba, kisamaki, kamba, anavyotaka yeye. Hii unaivuta, huiachi ielee.

HATUA YA 6: Tipeti

Chukua namba ya flai gawanya kwa 3, unapata X ya tipeti, ule uzi mwembamba wa mwisho unaofungiwa flai. Flai namba 12 tipeti 4X, namba 16 kama 5X. X ikipanda uzi unakuwa mwembamba, 4X ni karibu milimita 0.18 na 5X karibu 0.15. Si sheria ya mahakama, ila ukifunga flai namba 18 kwenye uzi mnene itatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Samaki anakuja juu kabisa, anaigusa karibu na pua, halafu anageuka. Nibadilishe flai?

Jibu: Subiri kwanza. Flai yako inaburutwa na mshipi, hata kidogo tu ambacho we hukioni yeye anakiona. Tazama povu lililo jirani na flai, kama flai inalipita au inaachwa nyuma basi unaburuta. Sogea hatua mbili, legeza mshipi, rusha tena. Akikataa bado, shuka saizi moja flai ile ile, kisha tipeti nyembamba zaidi. Kubadilisha aina ya flai ni jambo la nne.

Swali: Nimfu nimefunga kama ulivyosema, siku nzima sijaguswa hata mara moja.

Jibu: Haifiki chini hiyo. Weka chelezo juu ya flai umbali wa kama mara moja na nusu ya kina cha maji, na kama hugusi mawe mara moja moja ongeza uzito. Shanga ya tangsteni kwa ukubwa ule ule ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya shaba, inazama haraka. Kupoteza flai mbili tatu kwenye mawe ni dalili nzuri, mi nikimaliza siku boksi limejaa najua nimevulia hewa.

Swali: Samahani kaka, mie kwetu hakuna trauti, nina bwawa na baharini siyo mbali. Hizi sita zinanihusu?

Jibu: Dada, Woolly Bugger inakuhusu asilimia mia, bwawani hiyo ianze. Kisha ongeza Clouser Minnow. Bob Clouser aliifunga kwa ajili ya samaki wa mto Susquehanna, leo inavua mpaka baharini. Ina macho ya chuma yanayoifanya izame kichwa mbele na ndoana iangalie juu, hainasi ovyo kwenye majani. Vuta, pumzika, vuta. Wengi wanaikamata pale unapopumzika.

Swali: Naweza kufunga flai mbili kwa pamoja?

Jibu: Unaweza, ila hakikisha sheria za maji unayovua zinaruhusu, kuna sehemu ni moja tu. Funga Elk Hair Caddis juu, kwenye mpindo wa ndoana yake funga tipeti ya sentimita 40 hadi 60, mwishoni Pheasant Tail yenye shanga. Ya juu ikizama ghafla, inua ufito. Rusha polepole na uachie nafasi, ukikimbiza mkono utakaa ufukweni nusu saa unafumua fundo.

Swali: Nianze kufunga mwenyewe au ninunue?

Jibu: Nunua kwanza, vua msimu mmoja, halafu anza na Woolly Bugger maana ni kubwa na haina aibu, hata ukiikosea samaki haulizi. Na iwe ya kununua au ya kwako, bana kile kijino cha ndoana kwa koleo, inatoka kirahisi mdomoni mwa samaki na sikioni mwako pia. Mi yangu ilitoka sikioni namna hiyo mwezi uliopita, Woolly Bugger namba 8.